Mnyama ni wa Nani? Uwindaji wa Kitalii Ukitazamwa Kutoka Kikoneni

Mwezi wa Februari 1954 kambi ya uvuvi ilipigwa Shimoni, mwendo mfupi wa gari kutoka hapa Kikoneni, Kwale, pwani ya Kenya. Wageni wake walikuwa Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, na mkewe Mary. Miezi kadhaa kabla ya hapo walikuwa wameshuka Mombasa, wakapanda bara na kuwinda pande za Kajiado na Kimana, wakiongozwa na Philip Percival, mwindaji bingwa mashuhuri wa zama hizo. Mary alimtaka simba, akamfuatilia kwa muda mrefu hadi akampata. Januari ndege mbili zikaanguka nao Uganda, ya kwanza karibu na maporomoko ya Murchison na ya pili Butiaba, na magazeti ya ulimwengu yakatangaza tanzia ya mtu aliye hai. Hemingway alifika Shimoni akiwa majeruhi. Moto wa nyika ulipozuka huko, akajaribu kusaidia kuuzima nao ukamuunguza.

Safari kama ile bado zinauzwa, ila si Kenya. Anayezitaka leo huenda Namibia, Zimbabwe, Zambia, Botswana, Afrika Kusini, au avuke tu mpaka wa Lunga Lunga aingie Tanzania. Vijana wetu huziona kwenye simu zao picha za mume na mke waliopiga magoti nyuma ya nyati aliyekufa, wakauliza inakuwaje jambo ambalo hapa ni kifungo liwe ajira halali kwingine. Swali hilo linastahili kujibiwa vizuri.

Mume na mke wakiagiza safari ya uwindaji, kitu cha kwanza wanachonunua ni siku. Kampuni hutoza kwa siku, na ndani ya bei hiyo mna kambi, chakula, gari, wafuata nyayo, wachuna ngozi, na mwindaji bingwa mwenye leseni ya serikali. Anayewinda hulipa bei kamili. Mwenziwe anayefuatana naye bila kushika bunduki hulipa pungufu. Wakitaka kuwinda wote wawili, huweza kumtumia mwindaji bingwa mmoja na kupeana zamu, na hapo gharama hushuka. Juu ya siku ndipo inapokuja ada ya mnyama mwenyewe. Swala pala ni nafuu, tandala na pofu wana bei zaidi, na nyati, chui, simba na tembo ni miongoni mwa wa juu kabisa. Mnyama akijeruhiwa akapotelea msituni, kwa kawaida ada yake hulipwa vile vile, kana kwamba ameuawa. Kanuni hiyo naiona ya haki, kwa kuwa humzuia mgeni kufyatua ovyo. Na nyati aliyejeruhiwa haachwi. Mwindaji bingwa hulazimika kumfuata ndani ya kichaka, na hapo ndipo baadhi yao walipopoteza maisha.

Katika nchi nyingi serikali huamua kwanza ni wanyama wangapi wa kila aina wanaoweza kuwindwa mwaka huo katika kila eneo. Tanzania ardhi ya uwindaji imegawanywa katika vitalu, na kampuni haina ruhusa ya kuvuka mgawo wake. Simba huko hatakiwi kupigwa kabla ya kutimiza miaka 6, maana dume kijana akiuawa, dume jingine huingia na kuwaua watoto wake, na risasi moja ikamaliza kizazi kizima. Kinachobaki ni makaratasi. Ngozi na pembe husafishwa na kutiwa dawa za kuua wadudu na magonjwa, na kwa aina zilizolindwa hutafutwa kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kabla ya kusafirishwa. Nyama haipandi ndege. Hubaki na wenyeji au huuzwa.

Katika yote hayo, ujuzi mkubwa ni wa mfuata nyayo. Yeye ndiye anayeujua unyayo wa alfajiri kwa umande uliovunjika juu yake, na kinyesi kwa joto lake. Mwindaji bingwa ana leseni na mgeni ana fedha, lakini mnyama hupatikana kwa macho ya mtu huyu, ambaye jina lake ni nadra kuandikwa chini ya picha. Wafuata nyayo wengi wa safari za zamani za Kenya walikuwa Wakamba, watu wa jamii ambayo sisi wa Kwale tunaishi nayo jirani.

Ndipo linapoingia jambo ambalo huniumiza kila nikilifikiria. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, wakati wageni walikuwa wakiwinda kwa leseni, Wawaata wa nyika iliyo nyuma ya pwani yetu, mabingwa wa upinde mkubwa na mshale wa sumu, walikuwa wakisakwa katika hifadhi ya Tsavo kama majangili. Waliwinda tembo tangu enzi za mababu, na elimu yao ya mnyama huyo haikuwa na mfano. Kampeni ya 1956 na 1957 iliwatia wengi wao gerezani. Ni kweli kwamba pembe walizozitoa zilikuwa zikiuzwa kwa walanguzi wa pwani na tembo wengi walikuwa wakiuawa, na sidai kwamba walistahili kuachwa. Lakini tembo alikuwa yule yule. Mmoja alimwua akapigwa picha, mwingine alimwua akafungwa. Tofauti yao ilikuwa karatasi, na karatasi hiyo Mwaata hakuwa na njia ya kuipata.

Nchi za kusini zililijibu swali la mwenye mnyama kwa namna mbalimbali. Mwaka 1996 Namibia ilibadilisha sheria ili wakazi wa ardhi ya jumuiya waliojiandikisha na kujiwekea mipaka wapewe haki juu ya wanyama wa eneo lao, pamoja na mapato ya utalii na ya uwindaji. Botswana ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 2014, kisha ikaurudisha mwaka 2019 baada ya wanavijiji kulalamika kwamba tembo wamezidi na fedha zimekatika. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi. Huko mwenye shamba akizungushia uzio unaotosha, mnyama aliye ndani huwa mali yake kama ng'ombe.

Hapo ndipo namkumbuka palahala wetu, ambaye Tanzania wanamwita mbarapi. Ni mnyama mkubwa, dume lake jeusi, pembe zake zimepinda kwenda nyuma. Kenya nzima anapatikana tu katika hifadhi ya Shimba Hills, hapa Kwale, na sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 51. Afrika Kusini mnyama huyo huyo hufugwa ndani ya uzio, huchaguliwa kwa urefu wa pembe na hupigwa mnada. Kuna kipindi dume moja bora lilifikia mamilioni ya randi, kisha soko likaporomoka. Sipendi kumwona mnyama wa porini akigeuzwa kuwa wa zizini, apelekwe kwa bunduki pembe zikishafika kipimo. Hata hivyo nakiri kwamba palahala wao ni wengi, na wetu hawajazi hata malori machache.

Kenya ilichukua njia ya peke yake. Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wote, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada ambao ungefungua tena mlango huo, lakini Rais Kibaki akakataa kuutia saini. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ikasisitiza katazo hilo. Je, marufuku yalisaidia? Tembo walipungua kutoka zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi takriban 16,000 mwaka 1989, kwa hiyo katazo peke yake halikumzuia jangili. Waliongezeka baada ya biashara ya pembe kufungwa duniani na doria kuimarishwa, na sensa ya 2021 ilihesabu zaidi ya 36,000. Wanyama wengine hawakubahatika hivyo. Watafiti waliolinganisha hesabu za 1977 hadi 2016 walikuta kwamba Kenya imepoteza wastani wa asilimia 68 ya wanyamapori wake wakubwa. Ardhi ililimwa, mifugo ikaongezeka, uzio ukawekwa, na mwenye shamba hakuwa na sababu ya kumwachia mnyama nafasi.

Msimamo wangu ni kwamba bunduki isirudi Shimba. Palahala wachache hivyo hawana wa kutoa, na hifadhi yetu ni ndogo, imezungukwa na watu pande zote. Mwaka 2005 ilibidi tembo 150 wahamishwe kutoka humo kupelekwa Tsavo Mashariki kwa sababu walikuwa wamezidi. Ninachokitaka kutoka kusini ni ile haki ya jirani kuwa mshiriki. Hapa kwetu mnyama ni wa serikali anapoleta watalii, na ni wa mkulima anapoingia katika mihindi usiku. Sheria ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, na milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Ni sheria nzuri. Malipo ndiyo yamechukua miaka, na mtu aliyepoteza mavuno ya msimu hawezi kuilisha familia kwa ahadi.

Mfano wa kushirikisha wenyeji tunao hapa hapa Kwale. Miaka ya 1990 familia za Wadigo na Waduruma zilizokuwa na mashamba kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje ziliacha kulima, zikaiunganisha ardhi yao kuwa hifadhi ya tembo, na mapato ya wageni yakagawanywa kwa wenye ardhi. Hakuna risasi iliyohitajika. Udhaifu wake ni kwamba wageni wakipungua kwenye ufuo wa Diani, mgao wa Mwaluganje nao hupungua, ilhali tembo hali chakula pungufu. Mwindaji mmoja anayekwenda Namibia huacha fedha ambazo wapiga picha wengi tu ndio huzifikia, na sisi tulioikataa bunduki hatujaweka chochote badala yake. Serikali ya Kenya ndiyo iliyoamua mwaka 1977, na ndiyo inayopaswa kulijaza pengo hilo kila mwaka, kwa fungu la bajeti linalowafikia wenye ardhi wa Mwaluganje na wakulima wa vijiji vinavyopakana na Shimba, wageni waje au wasije.