Mitaa Yetu na Maji Yaliyofukiwa

Mgeni ashukaye bandarini Malindi, mjini Unguja, akauliza njia ya kwenda sokoni, huambiwa aelekee Darajani. Akifika ataliona soko lililofunguliwa mwaka 1904, ataona magari na umati wa watu, lakini daraja hataliona. Akivuka barabara kwenda upande wa mashariki, ataambiwa kwamba sasa yuko Ng'ambo. Ng'ambo ya nini, ilhali hakuna maji aliyoyavuka? Vijana wengi wa leo hawana jawabu, wala hawalaumiki, kwani hawakuambiwa.

Jawabu ni kwamba zamani Mji Mkongwe ulikuwa karibu uwe kisiwa. Hori la bahari liliingia kutoka kaskazini, likapita nyuma ya mji, likaelekea kusini upande wa Mnazi Mmoja. Maji yalijaa na kupwa humo kila siku, na wakati wa bamvua mji ulibakiwa na ukanda mwembamba tu wa nchi kavu. Waliokaa ukingo wa pili ndio waliokuwa watu wa ng'ambo, na daraja ndilo lililowaunganisha na wenzao wa mjini. Katika karne ya 20, chini ya utawala wa Kiingereza, hori hilo lilifukiwa sehemu baada ya sehemu. Mtaalamu wa mipango ya miji, H. V. Lanchester, aliyetoa taarifa yake juu ya mji huo mwaka 1923, alilishughulikia jambo hilo kwa kirefu. Palipopita maji pakawa barabara, ambayo kwa miaka mingi iliitwa kwa jina la hori lenyewe kwa Kiingereza, yaani Creek Road, na siku hizi inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa. Hori limetoweka, na majina ndiyo mashahidi waliobaki.

Hatuna haja ya kuwacheka waliofukia. Hori lile lilikuwa na uvundo, taka za mji zilitupwa humo, na mbu walizaliana humo. Hata sisi, katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, tulihimizwa na redio na madarasa ya watu wazima kufukia madimbwi na kufyeka vichaka ili kupambana na malaria. Kazi ile ilikuwa njema na wananchi waliifanya kwa moyo. Lakini yako maji na maji. Mtoto wa chuo, kabla hajaijua jografia, hufundishwa katika mlango wa tohara kutofautisha maji yaliyotuama na maji yendayo, na kwamba kila moja lina hukumu yake. Dimbwi ukilifukia limekwisha. Mkondo ukiufukia haukwishi, kwa maana mvua inayoulisha haikufukiwa. Mwakani itashuka tena, nayo itatafuta njia yake ya kwanza. Ndiyo sababu wahenga wakasema kwamba maji hufuata mkondo.

Dar es Salaam ililipa gharama ya somo hili. Bonde la Msimbazi linajulikana na kila mtu kuwa ni njia ya maji, na hata hivyo watu walijenga humo mwaka baada ya mwaka. Mvua kubwa za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 mjini humo, na waliopoteza makao wakahamishiwa Mabwepande. Na tuzingatie ni nani aliyeumia. Mwenye uwezo hununua kiwanja mlimani. Mnyonge hununua bondeni, tena wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu na bei ikiwa nafuu, na anayemuuzia hana haja ya kumweleza habari za masika.

Sasa tutazame hapa kwetu Tanga. Katika Ngamiani, barabara zetu tunaziita kwa hesabu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka zikapita ishirini. Utaratibu huu una faida yake, kwani mgeni hapotei. Hata hivyo tarakimu ni bubu. Barabara ya Nane haimwambii mpimaji wala mnunuzi kitu chochote juu ya ardhi iliyo chini yake. Mitaa mingine ya mji huu imetunza kumbukumbu vizuri zaidi: Mkwakwani inataja mkwakwa, Mikanjuni inataja mikanju, na Raskazone inatukumbusha kwamba tumesimama juu ya rasi. Majina ya namna hiyo ni hati za ardhi zilizoandikwa vinywani mwa watu kabla ya kuwapo masjala.

Tukumbuke pia kwamba ardhi ya Tanga ina siri zake. Mapango ya Amboni, karibu na mto Mkulumuzi, yalichimbwa na maji yaliyopenya katika mawe ya chokaa kwa muda mrefu mno. Maana yake ni kwamba katika nchi hii maji huweza kutembea chini ya miguu yetu bila ya sisi kuyaona, na taka itupwayo shimoni huweza kuibuka kisimani kwa jirani. Kwa sababu hiyo, kuzijua njia za maji ni jambo la afya ya jamii, na wala si kitabu cha hadithi za wazee tu.

Tanga ilipewa hadhi ya Jiji mwaka 2005. Bandari yake imeongezwa kina, na Chongoleani imechaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda. Viwanja vinapimwa, na vitaendelea kupimwa. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya mwezi wa Agosti, Serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, Bara na Visiwani, na nguzo zenye majina zikasimikwa mitaani. Kazi hiyo imetupa nafasi ya pekee. Jina lililoandikwa juu ya nguzo litaishi kuliko sisi, basi na liwe jina lenye maana.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, wenyeviti wa mitaa huku kwetu, na masheha kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba, waketi na wazee na kuandika kila kijito, kisima, hori na kinamasi wanachokikumbuka, hata kama leo juu yake pana nyumba. Mzee hangoji bajeti. Pili, maofisa wa ardhi na mipango miji waiweke orodha hiyo mezani kabla ya kugawa kiwanja kimoja, na kwa upande wa Bara waisimamie bila ya upendeleo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinalinda mita 60 za ukingo wa bahari, mto na ziwa. Sheria hiyo haikumbagua mwenye hoteli na mwenye kibanda. Tatu, pale ambapo maji yamekwisha kufukiwa, jina la maji lisibadilishwe kwa ajili ya kumtukuza mtu yeyote, awe kiongozi au tajiri.

Huko Unguja kuna mtaa uitwao Mwembetanga, na hapa Tanga tunayo Donge kama wao walivyo na Donge. Bahari inayotutenganisha ni ndogo, na mashaka yetu ni mamoja. Wao wamekwisha kulifukia hori lao, nasi bado tunayo mengi yaliyo wazi, yenye mikoko na samaki. Masika ijayo iwakute maofisa wetu wameshika orodha ya wazee mikononi, kabla ya msingi wa nyumba nyingine kuchimbwa katika njia ya maji.