Thamani ya Nafasi na Kichwa cha Pakiti

Mwanachuo afundishaye thamani ya nafasi aweza kudhani kwamba somo hilo huishia darasa la pili. Tungependa kumwonyesha mahali ambapo hata mabingwa wa kompyuta hulihitaji.

Habari zipitazo katika intaneti hugawanywa mafungu yaitwayo pakiti, na kila pakiti hutanguliwa na kichwa chenye maelezo, kama bahasha ilivyo na anwani. Katika toleo la 4 la kanuni za intaneti, lililotolewa mwaka 1981, urefu wa pakiti huandikwa kwa baiti mbili. Baiti moja hubeba namba kutoka 0 hadi 255; basi baiti itanguliayo hushika nafasi ya 256, kama tarakimu yetu ya kushoto ishikavyo makumi. Baiti 0 na 60 ni 0 × 256 + 60, yaani 60. Lakini kompyuta zenye prosesa za Intel huanza na baiti ndogo. Zikisoma bila kugeuza hupata 60 × 256 + 0, yaani 15,360!

Mswahili husema ishirini na nne. Mwarabu na Mjerumani hutanguliza nne. Hakuna aliyekosea. Kosa huzuka mmoja asomapo hesabu ya mwenziwe kwa desturi yake mwenyewe. Kwa hiyo mwandishi wa programu ya lugha ya C huipitisha namba hiyo kwanza katika amri iitwayo ntohs, ambayo hupanga baiti upya inapobidi.

Kipimo nacho huponza. Urefu wa kichwa chenyewe ukiandikwa 5, si baiti 5, bali mafungu 5 ya baiti nne nne, ndiyo 20.

Katika kerneli, yaani kiini cha mfumo uendeshao kompyuta, jambo hili ni zito. Programu ya kawaida ikikosea, huzimwa peke yake. Kerneli ikisoma kumbukumbu isiyo ya pakiti yaweza kuiangusha mashine nzima. Hivyo huhakikisha kwanza kwamba baiti zilizofika zatosha.

Darasani, mtoto aandikapo 73 kwa thelathini na saba, tarakimu anazo zote. Kabla ya kuweka alama ya kosa, mwalimu na amwulize alianzia upande gani, kisha amwombe ahesabu vijiti vya makumi na vya mamoja. Jibu lake litaonyesha kama amepotoka katika mpangilio tu, au thamani yenyewe hajaielewa.