Kufundisha Matumizi ya Thamani za Pamoja katika Programu za React

Miongoni mwa mada zinazowatatiza wanafunzi wa ualimu katika somo la uandishi wa programu ni ile ya thamani zinazotumiwa kwa pamoja na sehemu nyingi za programu. Wengi huikariri bila kuielewa, na mwalimu aliyekariri hana la kumweleza mwanafunzi wake siku programu inapokwenda kombo. Makala haya yanakusudia kuonyesha namna ya kuifundisha kwa mfano wa React, maktaba ya JavaScript iliyotolewa kwa umma na kampuni ya Facebook mwaka 2013.

Yafaa kuanza na jambo ambalo wanafunzi wanalijua. Mwalimu mkuu akitaka kumjulisha mlinda mlango saa ya mchezo, aweza kumwambia mwalimu wa zamu, naye amwambie mwalimu wa darasa, naye amwambie kiranja. Wote hao hubeba habari wasiyoihitaji. Lakini akiiandika kwenye ubao wa matangazo, anayeihitaji ataisoma mwenyewe.

Katika React, vijenzi vya programu hupangwa kama mti, na thamani hushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Kijenzi cha chini kikihitaji kujua muhula wa masomo, vyote vya katikati hulazimika kuupokea na kuukabidhi. Ubao wa matangazo hapa ni muktadha, unaoundwa kwa createContext, fanksheni iliyoingizwa katika toleo la 16.3, Machi 2018. Kijenzi kitoaji huiweka thamani juu, na vilivyo chini yake huisoma.

Hapo awali msomaji alihitaji kijenzi kipokeaji chenye fanksheni ndani yake. Miktadha mitatu ilizaa matabaka matatu. Toleo la 16.8, Februari 2019, lilileta useContext, na usomaji ukawa mstari mmoja. Hata hivyo, useContext haitumiki ndani ya vijenzi vya klasi. Hivi vyaweza kuendelea na njia ya awali huku vikisoma muktadha ule ule. Kwa hiyo si lazima programu yote iandikwe upya kwa siku moja.

Hatari iko hapa. Pasipokuwa na kitoaji juu yake, useContext hurudisha thamani ya awali iliyotajwa katika createContext, wala haitoi onyo lolote. Tuseme thamani hiyo ni "Muhula wa Kwanza", na kijenzi cha ripoti kimehamishwa nje ya kitoaji. Ripoti za muhula wa pili zitachapishwa kwa jina la muhula wa kwanza, na mzazi ndiye atakayeligundua kosa.

Dawa yake ni kuweka null kuwa thamani ya awali, kisha kuandika fanksheni yetu wenyewe, kwa mfano useMuhula. Hiyo huita useContext, na ikipata null husimamisha kazi kwa ujumbe ulio wazi kwamba kitoaji hakipo. Vijenzi vyote vya fanksheni hupitia mlango huo mmoja.

Katika ufundishaji, hatua hizi zafaa kufuatwa:

(a) Wanafunzi waandike vijenzi vinne vinavyokabidhiana thamani, wahesabu vilivyoibeba bila kuitumia. Penye kompyuta chache, hatua hii yaweza kufanywa kwa karatasi.

(b) Wabadilishe programu hiyo itumie muktadha.

(c) Mwalimu aondoe kitoaji kwa makusudi, na aulize kwa nini programu haikulalamika.

(d) Ndipo waandike useMuhula na kurudia jaribio.

Wafahamishwe pia kwamba thamani ikibadilika, kila kijenzi kinachoisoma huchorwa upya, na kwamba safari ya hatua moja au mbili haihitaji muktadha.

Hatua ya tatu isirukwe kwa kisingizio cha uhaba wa vipindi. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake kosa likipita kimya hatahitaji kukaririshwa sababu ya kuliwekea mlango.