Hospisi ya Mtakatifu Bernardo: Mlango Ulio Wazi Juu ya Milima ya Alpi



Katika milima ya Alpi, mpakani mwa Uswisi na Italia, ipo nyumba ambayo kwa karibu miaka elfu moja imekuwa ikiwapokea wasafiri. Leo hii, wakati wa kiangazi, mtu aweza kuifikia na kurudi kwa siku moja, kwa treni na kwa basi. Wepesi huo wa safari unazua swali: ikiwa njia imekuwa salama, nyumba iliyojengwa kwa sababu ya hatari zake ina kazi gani tena?

Safari yenyewe

Safari huanzia mji wa Martigny, mkoani Valais, ambako treni ndogo ya milimani hufuata bonde la mto Dranse hadi Orsières kwa muda usiofika nusu saa. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1910. Orsières ndio mwisho wa reli. Hapo abiria hupanda basi linalopita kijiji cha Bourg-Saint-Pierre, kisha hukwea kona baada ya kona. Miti hupungua, hubaki majani mafupi, na mwishowe ni mawe matupu na mabaka ya theluji. Kituo cha mwisho ni kipito chenyewe, kwenye kimo cha karibu mita 2,470, takribani mita 2,000 juu ya Martigny. Hapo pana ziwa dogo, na kando yake majengo makubwa ya mawe: Hospisi ya Mtakatifu Bernardo.

Kwa nini ilijengwa pale

Warumi wa kale walikuwa na hekalu la Jupita kwenye kipito hicho, kwa kuwa njia hiyo iliunganisha Italia na nchi za kaskazini. Wafanyabiashara, askari na mahujaji waendao Roma waliipita kwa hofu. Mwaka 972, Abate Maiolo wa Cluny alitekwa na wavamizi karibu na Orsières, akaachiliwa baada ya kulipiwa fidia. Palipokosekana wavamizi palikuwa na baridi, ukungu na maporomoko ya theluji.

Yapata mwaka 1050, Mtakatifu Bernardo, Arkidiakoni wa Aosta, aliwaona wasafiri wakishuka wakiwa wameporwa au wameganda kwa baridi. Hakuridhika na kuwahudumia chini bondeni. Alijenga nyumba juu kabisa, mahali pa hatari kuu. Wakanoni wanaofuata Kanuni ya Mtakatifu Agostino waliichukua kazi hiyo, na wangali wanaifanya. Kaulimbiu yao ya Kilatini yasema kwamba hapa Kristo anaabudiwa na kulishwa. Maneno hayo mawili hayatenganishwi: Kristo aliye altareni ndiye yule anayebisha hodi akiwa na njaa, kama Injili ya Mathayo, sura ya 25, inavyofundisha.

Gharama ya ukarimu

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kipito hiki, mwenyeji alijiweka hatarini ili mgeni apone. Wakati wa baridi, wakanoni na watumishi wao waliteremka njiani wakiwa na mkate na divai kuwatafuta wasafiri, na baadhi yao walifukiwa na theluji. Mbwa mashuhuri waliobeba jina la Mtakatifu Bernardo walisaidia kunusa waliopotea. Aliyejulikana kuliko wote, Barry, husimuliwa kuwa aliokoa watu zaidi ya 40 mwanzoni mwa karne ya 19. Waliokutwa wamekufa bila kutambuliwa waliwekwa katika chumba cha maiti kando ya hospisi, kwa kuwa mwamba na barafu havikuruhusu kuchimba kaburi. Hata aliyekufa bila jina alipewa mahali pake.

Moyo huo ulivuka bahari. Katika karne ya 20 wakanoni walikwenda mpakani mwa China na Tibet, wakikusudia kujenga hospisi nyingine kwenye kipito cha Latsa. Mmoja wao alikuwa Mwenyeheri Maurice Tornay, aliyezaliwa mwaka 1910 katika kitongoji cha La Rosière, juu ya Orsières, mwaka uleule reli ilipofika huko. Alifukuzwa katika parokia yake ya Yerkalo. Baada ya kulazimishwa kurudi nyuma katika safari ya kwenda Lhasa kuwaombea haki waamini wake, aliviziwa milimani na kuuawa tarehe 11 Agosti 1949. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1993.

Nyumba baada ya handaki

Mwaka 1964 handaki la magari lilifunguliwa chini ya kipito, na wasafiri wengi hawalazimiki tena kupita juu. Uokoaji sasa hufanywa kwa helikopta, na tangu mwaka 2005 mbwa wako chini ya taasisi maalumu ya Martigny. Hata hivyo, wakanoni hawakuondoka. Barabara ifungwapo kwa theluji kwa miezi kadhaa, wageni hupanda kwa miguu au kwa mbao za kutelezea thelujini, nao hupokewa kwa chai ya moto, meza ya pamoja na sala.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Theluji si hatari pekee impatayo mwanadamu. Wapo wanaofika wakiwa na msiba, ndoa iliyovunjika, au imani iliyopoa, na hao hakuna handaki linalowavusha. Tunapojenga na kukarabati parokia, vigango na nyumba zetu, tujiulize kama alivyojiuliza Bernardo: ni wapi watu wanaangamia njiani, na je, mlango wetu uko karibu nao, au unawasubiri bondeni?