Kitenzi "-umana" katika Istilahi za Ufundi: Mazingatio kwa Juba

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na malori yafikayo Juba kwa barabara ya kilomita 192 kutoka Nimule huhitaji mafundi wanaoelewana. Kitenzi kimoja chastahili kuzingatiwa: -umana. Kimofolojia, kimeundwa kwa mzizi -um-, kiambishi cha utendano -an- na kiishio -a. Katika matumizi ya kawaida humaanisha kung'atana. Katika ufundi hueleza meno ya gia moja kuingia katikati ya meno ya nyingine, hata moja ikizunguka, ya pili huzungushwa kwa upande ulio kinyume. Gia ya meno 20 ikiumana na ya meno 40 na kuiendesha, hiyo ya pili huzunguka kwa nusu ya kasi.

Dhana hii haitoshelezwi na -gusana, kwani vinavyogusana si lazima viendeshane. Wala na -shikana, ambacho chaweza kueleweka kuwa ni kukwama. Dereva "huingiza gia". Meno ndiyo "huumana". Mtaala wowote wa ufundi utakaoandaliwa kwa Kiswahili mjini Juba hauna budi kutenganisha maana hizo, kwa kuwa fundi aliyeambiwa gia "zimeshikana" aweza kufungua giaboksi iliyo nzima.