Rimoti ya kuwashia gari: ya kukagua kabla ya kumlipa fundi Kampala

KAMPALA – Katika eneo la Kisekka, karibu na Nakivubo, ambako wenye magari wa Kampala hufuata vipuri, mafundi wa umeme wa magari hufunga alamu, redio na vifaa vya kufuatilia gari. Alamu nyingi sasa huja na kitufe cha ziada cha kuwasha injini mwenye gari akiwa mbali.

Katika nchi za baridi kitufe hicho kina kazi yake, kwani dereva hupasha injini moto na kuyeyusha barafu kwenye kioo kabla ya kutoka nyumbani. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na haina barafu. Hapa wengi hukifunga ili kiyoyozi kipoze gari mapema, au kwa sababu tu kimekuja ndani ya boksi la alamu. Si kosa. Lakini redio ikifungwa vibaya itanyamaza au itaunguza fyuzi, ilhali kifaa hiki kikifungwa vibaya gari linaweza kuondoka lenyewe.

Gia ya mkono na vilima vya Kampala

Swali la kwanza kwa fundi lisiwe bei, liwe gia. Gari la gia otomatiki lina swichi inayozuia stata kufanya kazi mpaka gia iwe kwenye P au N. Rimoti iliyofungwa vizuri huiheshimu swichi hiyo. Gari la gia ya mkono halina ulinzi wa namna hiyo. Likiwashwa likiwa na gia ndani, stata yenyewe hulisukuma mbele au nyuma, na injini ikishika, linaendelea.

Tatizo ni kwamba dereva wa Kampala, jiji la vilima, amezoea kuegesha akiacha gia ya kwanza au ya rivasi na jiwe nyuma ya tairi, hasa kama breki ya mkono imechoka. Ni tabia nzuri ya uegeshaji inayogeuka hatari mara rimoti inapofungwa. Kuna vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya gia ya mkono: dereva huacha injini ikinguruma, hutoa gia, huvuta breki ya mkono, huchomoa ufunguo, hushuka na kufunga milango, kisha kifaa chenyewe huzima injini. Mlango wowote ukifunguliwa baada ya hapo, rimoti hukataa kuwasha. Utaratibu huo unategemea swichi za milango na breki ya mkono kuwa nzima, na kwenye kombi au Canter iliyofanya kazi miaka mingi, swichi hizo mara nyingi zimekufa zamani. Kwa gari la namna hiyo, alamu inatosha. Kitufe cha kuwasha kiachwe bila kuunganishwa.

Kwa malori kuna sababu nyingine. Kwenye foleni za Malaba na Busia, utingo hutafuta kivuli chini ya trela, na wengine hulala hapo hapo. Dereva aliye hotelini akinywa chai hawezi kuona aliye chini ya lori lake. Lori la mizigo halina haja ya rimoti ya kuwasha, na gari la kubebea mafuta halipaswi kabisa kuwa nayo.

Nyaya zinazoguswa

Kwa gari dogo la otomatiki, kazi karibu yote iko kwenye swichi ya ufunguo chini ya usukani. Pale kuna waya wenye umeme wakati wote kutoka kwenye betri, waya wa vifaa kama redio, waya mmoja au miwili ya kuwasha injini, na waya wa stata. Baadhi ya magari ya Kijapani yana nyaya mbili za stata. Rangi zisiaminiwe, kila waya upimwe kwa mita ya umeme, ufunguo ukiwa kwenye kila hatua. Taa ya majaribio, ile bisibisi yenye balbu, haifai kuchokolea nyaya za kompyuta ya gari. Nyaya zenye ganda au plagi ya njano chini ya usukani kwa kawaida ni za mfuko wa hewa. Hizo zisiguswe, kwani mfuko unaweza kulipuka usoni mwa fundi.

Kabla ya kukata chochote, terminali ya hasi ya betri ifunguliwe na kusubiriwa dakika chache. Waya wa umeme wa wakati wote uwe mnene, milimita za mraba 4 au zaidi, na fyuzi yake ikae karibu kabisa na pale umeme unapochukuliwa. Fyuzi iliyo mwishoni mwa waya mrefu hailindi waya huo. Maungio yachomelewe kwa risasi au yabanwe kwa viungio vyake, si kusokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, kwa sababu tepu hulegea kwa joto, waya hutikisika njiani, na moto huanzia hapo. Waya wa athi ufungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi.

Swichi mbili ndizo mafundi wenye haraka huzirukia: ya breki, inayozima injini mtu akikanyaga pedali kabla ya kuweka ufunguo, na ya boneti, inayozuia injini kuwaka fundi mwingine akiwa na mikono kwenye mkanda wa feni. Bila hizo mbili, kazi haijaisha.

Gari la dizeli lisubiri hita za injini zipate moto kabla ya stata kuzunguka. Magari yenye volti 24, kama malori mengi na baadhi ya Canter, yanahitaji kifaa na rilei za volti 24. Kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili ni njia ya mkato inayoziua zote, moja ikijazwa kupita kiasi na nyingine ikibaki na njaa.

Ufunguo uliofichwa

Magari mengi ya kisasa hayawaki bila chipu ya ufunguo. Ili rimoti ifanye kazi, baadhi ya mafundi huficha ufunguo mzima chini ya dashibodi. Mwizi anayejua atautafuta hapo. Inatosha kuacha chipu peke yake, bila bapa la ufunguo, ndani ya kifaa kinachoiamsha wakati rimoti inawasha tu. Usukani nao ubaki umefungwa mpaka ufunguo halisi uingie.

Anayenunua gari lililotumika Japani, likapitia Mombasa, achungulie chini ya usukani. Baadhi huja na rimoti za huko ambazo kitufe chake kimepotea njiani, na kifaa kilichobaki huendelea kunyonya betri. Nyingi zimefungwa kwa plagi maalumu bila kukata waya, hivyo huchomolewa na plagi ya asili kurudishwa mahali pake.

Kabla ya malipo, gari lijaribiwe mbele ya mwenyewe kwenye uwanja wa wazi, si ndani ya gereji iliyofungwa, maana moshi wa ekzosi huua bila kunusa. Boneti ikiwa wazi lisiwake. Gia ikiwa kwenye D lisiwake. Likiwa linanguruma kwa rimoti, breki ikikanyagwa lizime. Baada ya dakika 10 nyaya zishikwe kwa mkono, na wa moto urudiwe. Gari likiwa limezimwa na kufungwa, mita isome si zaidi ya miliampea 50 hivi, la sivyo likikaa wiki mbili yadini betri itakuwa imekufa.

Fundi aandike kwenye karatasi waya upi ameunganisha na upi, na aoneshe swichi ya kuzima rimoti. Swichi hiyo izimwe kila gari linapoachwa kwa fundi mwingine au linapoingia foleni ya mpakani. Karatasi ikae ndani ya gari, kwani gari likigoma Goma au Juba, fundi wa huko hatakuwa na mchoro mwingine.