Nilitaka kununua ‘kontrol boksi’, kumbe ugonjwa ni waya!

MPENZI msomaji, mjini shule. Wiki hii naomba tuweke pembeni mambo ya mapenzi na ndoa, nikusimulie jinsi Corolla yangu ilivyotaka kuivunja ndoa yenyewe.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, injini 5A-FE, ile ya EFI isiyokuwa na kabureta. Majirani wanaliita mkweche. Sawa, lakini mkweche huo ndio unaopeleka watoto shule na mama watoto kazini.

Basi bwana, likaanza vituko. Asubuhi linawaka bila matata. Likishapata moto, ukilizima dakika kumi tu, kuliwasha tena ni kasheshe. Unapiga stata mpaka betri inaomba msamaha! Likikubali linatoa moshi mweusi, sailensi inapanda na kushuka, na mafuta linakunywa kama limetoka jangwani. Taa ya injini pale kwenye dashibodi nayo inawaka, inazima, inawaka, kama kimulimuli.

Siku liliponizimikia Ubungo katikati ya foleni ya jioni, makonda wa daladala walinipa matusi ambayo hata mhariri wangu hawezi kuyachapa. Nikasema sasa basi, twende kwa fundi.

Fundi wa kwanza alifungua plagi, akazikuta nyeusi tititi kwa masizi. Akaweka mpya. Siku tatu, nyeusi tena.

Nikahamia gereji moja hapa hapa mjini, jina naliweka kapuni. Kijana akafungua boneti, akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili kwenye kile kisanduku cha kupimia, lililoandikwa TE1 na lililoandikwa E1. Akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini ikamweka mara mbili, ikatulia kidogo, ikamweka mara mbili tena. “Bosi, hiyo ni 22. Sensa ya joto la maji imekufa.”

Nikanunua sensa. Ikafungwa. Gari? Vile vile! Kijana akajikuna kichwa, kisha akatoa hukumu: “Bosi, hapa kontrol boksi imekwenda. Laki tatu na nusu, mtumba safi kutoka Japan.”

Laki tatu na nusu nilikuwa nayo, ila ilikuwa kabatini, ada ya mtoto wetu wa kwanza. Shule inafunguliwa Jumatatu. Nikamweleza mama watoto kwa sauti ya upole kabisa. Akaniangalia, akasema, “Baba watoto, mtoto akirudishwa nyumbani, utampeleka darasani na hiyo kontrol boksi? Kabla hujagusa hela, nenda kwa yule mzee wa Gerezani aliyekuwa akitengeneza gari la marehemu baba.”

Nikaenda kwa shingo upande. Mzee nikamwamkia, akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho bila kugusa spana. Kisha akaniuliza, “Mwanangu, hiyo 22 walikuambia ni sensa. Waya walipima?”

Nikabaki mdomo wazi.

Akanipa darasa. Injini ikiwa baridi inataka mafuta mengi, ikipata moto inataka kidogo. Anayeamua kiasi ni kontrol boksi, lakini yenyewe haina macho. Inategemea sensa, ambayo ikiwa baridi huzuia umeme sana na ikipata moto huzuia kidogo. Kwenye nyuzi joto 20 hivi inasoma kama omu 2,500, kwenye nyuzi 80 kama omu 300. Namba 22 maana yake ni kwamba habari ya joto haifiki sawasawa. Haikuambii kama mwenye kosa ni sensa, soketi au waya!

“Mbona geji ya joto kwenye dashibodi iko sawa, mzee?” nikauliza.

Akacheka. “Geji ina sensa yake, ile yenye waya mmoja. Ya kontrol boksi ina waya mbili. Wengi wanabadilisha hiyo, wakati mgonjwa ni ile.”

Akaliwasha mpaka likapata moto, akazima. Akachomoa soketi ya sensa, akaweka mita: omu 300 na kidogo. Sensa nzima! Akairudisha, akaondoa betri, akaingia ndani, akachomoa soketi ya kontrol boksi chini ya dashibodi na kupima waya zile zile mbili kutokea huko. Mita ikasoma 2,400. Akaniambia nitikise waya kule kwenye injini. Namba zikarukaruka kama chura.

Umeona mchezo? Injini inachemka, kontrol boksi inadhani ni alfajiri ya Lushoto! Inamwaga mafuta, plagi zinajaa masizi. Waya ukiachana kabisa, ndipo taa inawaka.

Mzee akachana utepe. Waya mmoja ulikuwa na vitundu vya tampa, na ndani shaba imeota kutu ya kijani. Nikakumbuka: mwaka uliotangulia, feni ya rejeta iliposumbua, kuna fundi alichomachoma waya kwa tampa. Mimi nami kila wiki napeleka gari kuoshwa injini kwa maji ya presha. Maji yakapata mlango.

Akakata kipande kibovu, akaunga kipya chenye unene ule ule kwa risasi, akafunika vizuri. Akachomoa fyuzi ya EFI kwa muda ili kumbukumbu ifutike, tukazunguka mjini, akapima tena. Safari hii taa ikamweka haraka haraka bila kupumzika, ndiyo dalili ya uzima kwa Toyota za umri huo. Bili? Elfu ishirini!

Msomaji wangu, chukua haya. Namba ya taa ni njia ya kuanzia, usiifanye hukumu. Kabla ya kununua sensa, pimeni waya na soketi, na mtikise waya wakati mnapima. Fundi asichome tampa ya taa kwenye waya za kontrol boksi. Inavuta umeme mwingi na inaweza kuiua kweli. Soketi zake zisichomolewe swichi ikiwa wazi.

Jumatatu mtoto alikwenda shule na ada yake kamili, ndani ya mkweche ule ule. Mama watoto alikaa mbele, kimya, anatabasamu. Nami nilijifanya sioni.

Tukutane wiki ijayo!